Kwani Wewe Hujui Jibu?

Muhula uliopita kijana mmoja wa chuo cha ualimu aliletwa shuleni kwetu, hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, kufanya mazoezi ya kufundisha. Kijana mzuri, shati limepigwa pasi, daftari la maandalizi limejaa wino wa rangi tatu. Wiki ya pili akanijia ofisini nikinywa chai ya saa nne, akasema, "Madam, yule msichana wa dawati la nyuma hajui kitu. Nimemuuliza mara sita, hata kuniangalia haniangalii." Nikaweka kikombe chini. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia zamani, karibu neno kwa neno, ila wakati ule yule asiyejua kitu nilikuwa mimi.

Nilimwomba aketi, nikamsimulia mpaka kengele ikalia. Alielewa, na yule msichana tukamshughulikia pamoja, hayo yamekwisha. Lakini tangu siku ile natembea na Keringet, kule nilikozaliwa, kichwani kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa hadi mdomoni. Kila nikigeuka, inamwagika. Kwa hiyo nivumilie, rafiki yangu, nimwage kidogo hapa.

Shule yetu ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo ukungu ulikuwa unafika kabla ya wanafunzi. Zamani palikuwa shamba la mzungu. Nyumba yake ilikuwa ofisi ya mwalimu mkuu, zizi la farasi lilikuwa darasa la kwanza, na sisi wa darasa la tatu tulipewa ghala alilokuwa akikaushia pareto. Mzungu alikuwa ameondoka kabla mama yangu hajazaliwa, lakini harufu ya maua yale ilikuwa imekataa kuondoka kwenye mbao. Siku ya jua, ukiegemea ukuta, ilikupanda puani, kavu na kali kidogo. Nilikuja kujua ukubwani kwamba pareto huua wadudu. Ndiyo maana darasa letu halikuwa na nzi hata mmoja, na sisi tulidhani madarasa yote duniani yako hivyo.

Baridi ya kule siwezi kukueleza ukaamini. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, nasi wengi tulikanyaga nyasi hizo bila viatu. Dawa yetu ilikuwa viazi. Nyanya yangu alikuwa anavifukua viwili kwenye jivu la moto, anavipangusa kwenye koti lake, anavitia kimoja huku na kimoja huku kwenye mifuko ya sweta yangu. Njia nzima mikono yangu ilikuwa mifukoni, imeshika joto. Saa nne, vikiwa vimepoa, tulivila. Uwanja mzima ulikuwa ukinuka jivu na viazi, na midomo yetu ilikuwa myeusi hata hakuna aliyemcheka mwenzake.

Nyanya huyo, au kogo kama tunavyoita kwetu, ndiye aliyenilea kwa mikono, maana mama alikuwa shambani tangu alfajiri na baba alikuwa anapeleka maziwa ya watu kwenye kituo kwa baiskeli. Alikuwa mfupi, mwenye gambuti za kiume na koti la jeshi lililofika kwenye vifundo vya miguu. Alinusa ugoro. Alikuwa na wivu mbaya sana juu ya mursik yake, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni. Akisikia mahali kwamba mama fulani ametengeneza maziwa mazuri kuliko yake, hakulala vizuri. Na hakuwa mtu wa maneno. Nyumbani kwetu siku ingeweza kupita kuanzia chai hadi chakula cha jioni bila nyanya kuongea sentensi tatu, na hakuna aliyeona ni ajabu.

Ndipo akaja mwalimu.

Alitumwa kutoka Nakuru, msichana bado, labda miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amezaliwa katika nyumba za reli. Watu wao walitoka magharibi kufuata kazi ya treni, na alikulia kwenye vyumba viwili na ndugu wanane. Alituambia mwenyewe kwamba kwao ukitaka kipande cha nyama ilibidi useme, useme haraka, na useme kwa sauti. Basi alikuja kwetu na sauti ile yote. Alitembea haraka. Alisahau chaki kwenye nywele. Akiuliza swali alipiga vidole, ta!, akatutazama uso hadi uso akingoja mikono iinuke.

Haikuinuka. Watoto thelathini na kitu tuliangalia vidole vya miguu yetu.

Usidhani hatukujua. Kwetu, mtu mzima akiongea, mtoto haangalii macho yake. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa gumu zaidi kulieleza, hata sisi hatukuwa na maneno yake: kama umekaa na mwenzako, na yeye ameulizwa akashindwa, wewe huruki juu na kusema mimi ninajua. Ungekuwa umemvua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake, na wote tulikuwa tunangojana, na mwalimu alikuwa anatungoja sisi.

Mimi nilikuwa mfupi, nikawekwa mbele, basi nilisimamishwa kuliko wote. "Wewe. Nne mara saba?" Ishirini na nane ilikuwa mdomoni, moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Ningeweza kuitema. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mwenzangu wa dawati la pili aliyeulizwa swali hilo hilo na kunyamaza, na macho yangu yalikuwa tayari yamekwenda chini. "Keti," mwalimu alikuwa anasema, na sauti yake ilikuwa inashuka kila siku, siku hata siku.

Alijaribu kila kitu. Alileta peremende. Alileta wimbo wenye makofi, tukaimba vizuri sana na tukanyamaza vizuri sana baada yake. Siku moja alimchapa kijana mmoja kiboko kimoja mkononi, halafu akaenda dirishani akasimama, akakivunja kile kiboko vipande viwili na kukitupa nje. Hatukukiona tena.

Upande wa pili, wazazi nao walikuwa wanamlalamikia. Hapo ndipo mambo yalipokuwa yanachekesha, ingawa wakati ule hakuna aliyecheka. Jirani yetu mmoja, mama mwenye shamba linalopakana na uwanja wa shule, alisimama kwenye mkutano akasema, "Huyu mwalimu anaongea kama redio. Sasa watoto watasikia nini?" Na baba mmoja akaongeza kwamba anawafundisha watoto wao ujeuri, anawaambia wamjibu mkubwa, tena wakimwangalia machoni. Mwalimu alikuwa anatuona wajinga, na wazazi walikuwa wanamwona hana adabu. Wote walikuwa wanatutakia mema.

Katikati ya muhula wa tatu nilipewa barua nipeleke nyumbani. Baba aliisoma akiwa amesimama, baiskeli bado ameishika. Alisoma polepole: mtoto haelewi chochote, hashiriki, mzazi afike shuleni kabla ya mtihani, huenda ikabidi arudie darasa.

Arudie darasa! Mdogo wangu alikuwa darasa la pili. Niliona mwaka unaokuja wote kwa mara moja: yeye na mimi kwenye dawati moja, na mwaka unaofuata, kwa vile yeye alikuwa anajibu maswali, ananiacha pale. Sikulia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa na ndama.

"Karatasi inasema nini?" nyanya alimuuliza baba. Akaambiwa. Hakuniuliza kitu wala hakunitafuta. Lakini asubuhi alivaa koti lake, akachukua kibuyu cha mursik, akaanza kutembea, nami nyuma yake.

Walikutana ofisini, mwalimu kwenye kiti, nyanya amekataa kiti, mimi mlangoni. Nyanya alikuwa na Kiswahili cha mashamba ya wazungu, kidogo na kilichonyooka.

"Huyu mtoto ni yangu. Unasema hajui. Hajui nini?"

"Shosho, shida ni kwamba nikimuuliza hanijibu," mwalimu akasema, kwa upole. Shosho ndilo jina walilomwita kila bibi kule Nakuru. "Jana nimemuuliza nne mara saba. Kimya tu."

"Na wewe unajua hiyo nne mara saba?"

"Najua, shosho. Mimi ni mwalimu."

"Kwani wewe unajua jibu, na bado unauliza mtoto?"

Nyanya alikuwa hamfanyii mzaha hata kidogo. Alitaka kujua kweli. Kwetu mtu aliuliza kitu kwa sababu hakijui: ng'ombe wamepita wapi, mvua imefika wapi, nani ameaga dunia. Mtu mzima anayejua njia, akamsimamisha mtoto na kumuuliza njia, alikuwa ama anamtega au ana ugonjwa.

"Ni… ili nijue kama yeye anajua," mwalimu akasema hatimaye.

Nyanya akaweka kibuyu juu ya meza, katikati ya madaftari. "Kuja nyumbani Jumamosi," akasema, akageuka, tukaenda.

Jumamosi alikuja kweli. Alikuja na viatu vyake vizuri vya mjini, na matope ya njia yetu yakavipokea hata kabla hajafika langoni. Mama, aliyekuwa na aibu kupita kiasi, alimpa gambuti za baba. Zilimmeza hadi magotini. Aliingizwa jikoni, akapewa kigoda karibu na moto, nasi watoto tukajipanga ukutani kama kuku wakati wa mvua, tukimtazama. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona mwalimu akiwa amekaa chini.

Siku hiyo nyanya alikuwa anatengeneza vibuyu. Kama hujui kazi hiyo, ni hivi: unachukua kijiti cha mti uitwao senetwet, unakichoma mpaka ncha iwe kaa jekundu, unaingiza lile kaa ndani ya kibuyu kilichooshwa na kukauka, halafu unalisaga humo humo kwa ufito mrefu wenye ncha iliyopondwapondwa kama brashi. Unazungusha, unasugua, unakung'uta, mpaka tumbo lote la kibuyu liwe limepakwa unga laini wa makaa. Hapo ndipo maziwa huingia. Ukikosea, kibuyu kinatoboka, au maziwa yananuka moshi badala ya kunukia.

Nyanya akaanza. Mwalimu naye akaanza.

"Shosho, huu ni mti gani?"

Nyanya akazungusha kibuyu.

"Na kwa nini unauchoma? Hauwezi kutumia makaa ya kawaida?"

Nyanya akakung'uta.

"Unajuaje kama imetosha?"

Aliuliza maswali manane. Niliyahesabu, maana kila moja lilinifanya nitamani ardhi inifunike. Nyanya hakuwa amemkasirikia. Alikuwa tu anafanya kazi, na kazi ilikuwa ndiyo jibu lenyewe, mbele ya macho yake, polepole kuliko kawaida. Nyanya alikuwa amepunguza mwendo kwa ajili ya mgeni. Sisi watoto tuliona hilo. Mwalimu hakuliona, kwa sababu alikuwa anaongea.

Baada ya swali la nane akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwalimu akiwa kimya. Moto ulilia chwee kwenye kuni mbichi. Ng'ombe alikohoa nje. Nyanya alimaliza kibuyu cha kwanza, akachukua cha pili, na bila neno akampa mwalimu.

Rafiki yangu, nisikudanganye: tulicheka hadi mdogo wangu akatoka nje asije akajikojolea. Kaa la mwalimu lilizimika. Akawasha jingine, akaliingiza kubwa mno, likakwama shingoni mwa kibuyu, moshi ukamfumukia usoni. Akakohoa, akapangusa macho kwa mkono wenye masizi, akawa na miwani nyeusi. Nyanya alifunika mdomo kwa kiganja, mabega ya lile koti la jeshi yakitetemeka. Na mwalimu mwenyewe, alipotuona wote tumekufa kwa kicheko ukutani, akaanza kucheka naye, kile kicheko chake cha nyumba za reli, kikajaa jikoni yote.

Nyanya akakichukua kile kibuyu. Akakigeuza, akatoa lililokwama, halafu akanyoosha mkono kuelekea ukutani na kunipa mimi.

Sikuwahi kuifanya kazi hiyo kamwe. Ilikuwa kazi ya wakubwa. Lakini nilikaa kigodani, nikachagua kijiti, nikangoja kaa liwe jekundu bila ulimi wa moto, nikaliingiza, nikasaga kwa kufuata ukuta wa kibuyu, duara kubwa kwanza halafu dogo. Nilisikia sauti ikibadilika, ile kwaru kwaru ikawa kama mtu anayefagia kwa mbali, nikajua imetosha. Nikakung'uta. Nyanya alichungulia ndani kwa jicho moja, akakiweka pamoja na vyake. Sijapata cheti kikubwa kuliko hicho, na nina vyeti vya chuo.

Ndipo akamgeukia mwalimu. "Umeniona nikimfundisha?"

"Hapana, shosho."

"Basi."

Mwalimu alikaa akiangalia moto. Nilidhani atasema kitu kirefu. Badala yake alichukua kaa lililopoa, akainama kwenye ubao wa ukuta, akaandika: 4 x 7. Hakuniita. Hakunitazama hata kunitazama. Aliliweka tu lile kaa kwenye kigoda, karibu na mkono wangu, akaanza kuongea na mama habari za kabichi.

Nikaandika 28.

Akageuka kidogo, akaandika nyingine, akarudi kwenye kabichi. Nikaandika. Mdogo wangu akasogea, mtoto wa jirani akasogea, makaa yakawa matatu. Tukajaza ubao ule kutoka kwenye mlango hadi kwenye kabati la vyombo: tisa mara sita, mia moja na nne kutoa thelathini na saba, hesabu ambazo alikuwa ameuliza tangu Januari na kudhani zilianguka sakafuni. Zote tulikuwa nazo. Nyanya akauliza, "Hiyo ni nini mnachafua nyumba yangu?"

"Hesabu, shosho."

"Ni sawa?"

Mwalimu akaziangalia tena kuanzia juu. "Zote," akasema. "Zote ni sawa."

Nyanya alimmiminia mursik kwenye kikombe kikubwa cha baba, ikajaa hadi ukingoni.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani bila kupiga vidole. Alituamkia, akageukia ubao na kufanya hesabu moja ya kugawanya, ndefu, kimya, hatua kwa hatua. Akaifuta. Akafanya ya pili. Ya tatu. Halafu akaweka chaki tano ukingoni mwa ubao, akaonyesha dawati la kwanza kwa kidevu, lote zima. Tukaenda watano. Hakuna aliyekuwa peke yake. Aliyekwama alimtazama jirani, aliyejua alipunguza mwendo ili atazamwe, na mambo yakaenda kwa viwiko na minong'ono mpaka ubao ukajaa. Mama mwenye shamba la mpakani aliegemea ua akasikiliza, akamwita mwalimu mkuu. "Mwalimu ni mgonjwa?" akauliza. "Leo haongei."

Mwalimu hakumrudisha mtu yeyote darasa mwaka ule. Wilayani waliona ajabu, na hiyo ndiyo ilimleta inspekta kabla shule haijafungwa.

Alikuja na gari lenye matope hadi kwenye vioo, mtu mnene mwenye tai, akakaa nyuma ya darasa letu. Sijui alikuwa ameambiwa nini, ila alionekana amekuja na jibu lake tayari. Alimtazama mwalimu akifanya hesabu bila kusema, akaandika. Akatutazama tukiwa kimya, akaandika zaidi. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, jasho linamtoka katika baridi ile. Mwishowe inspekta akasimama, akamwelekezea kidole msichana mmoja. "Wewe. Sita mara nane?" Msichana akaangalia vidole vya miguu.

"Mwalimu, hawa watoto hawafundishwi," inspekta akasema.

Mwalimu alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Kazi yake ilikuwa pale, kwenye ile kalamu. Lakini aliongea kwa utaratibu. "Mheshimiwa, naomba uwaandikie. Uandike ngumu."

Akaandika. Aliandika tano, za darasa la nne. Dawati letu likaenda. Chaki ikalia, tukarudi, naye akapita akizikagua moja baada ya nyingine, na kidole chake kikapunguza mwendo kila alipofika nyingine. Akafika kwenye yangu, akasimama. "Hii hesabu si yangu."

Haikuwa yake, kweli. Yeye alikuwa ameandika ya kugawanya iliyokusudiwa isiwe na baki, lakini tarakimu moja akaiandika vibaya, ikawa haigawanyiki. Nami nilifanya kama tulivyofundishwa kwetu kufanya mkubwa anapokosea: nilifuta ile tarakimu kwa ubavu wa mkono, nikaandika iliyo sawa, nikaendelea na kazi, bila kumwambia mtu. Darasa zima lilikuwa limeona.

Inspekta aliikagua tena tangu juu. Akatoa kitambaa, akapangusa chaki vidoleni. "Ahaa," akasema. Halafu akatikisa kichwa, akatabasamu kama mtu aliyeshikwa na mke wake akiiba sukari, akaenda kwenye daftari lake na kukata alichokuwa ameandika kwa mstari mrefu. Alipoondoka alimpa mwalimu mkono. Mwalimu mkuu alituachilia tukacheze saa nzima kabla ya wakati.

Lakini usifikiri mwalimu alituachia ukimya wetu wote. Alikuwa mtoto wa reli, na alijua mahali tunakoelekea. "Huko mbele mtaulizwa mkiwa mmesimama peke yenu," alituambia, "na aliyeuliza hatakuja kwenu kunywa maziwa." Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula alitupeleka nyuma ya ghala, kwenye nyasi, akatufundisha kupiga kelele. Ndiyo, kelele. Tulikaa duara, akarusha swali juu kama mpira, na wa kwanza kulidaka kwa sauti ndiye alirusha linalofuata. Mwanzoni tulinong'ona. Kufikia Pasaka ya mwaka uliofuata ng'ombe wa mama wa mpakani walikuwa wanakimbia upande wa pili kila Ijumaa. Mchezo ulikuwa na sheria kwamba mle ndani ya duara hakuna aibu wala mkubwa. Tulipotoka nje ya duara, adabu yetu tuliikuta pale tulipoiacha. Nyanya alitusikia kutoka shambani akasema tu, "Mwalimu ametoa redio nje leo," na akacheka siku nzima.

Alikaa nasi miaka minne. Uhamisho wake ulipokuja ilikuwa likizo, na hakuna mkutano ulioitishwa. Asubuhi ya kuondoka alifungua mlango wa nyumba yake ndogo ya mbao, akatukuta nje, karibu darasa zima. Wengine waliingia wakaanza kubeba masanduku. Wengine walisugua sakafu, wakafagia jivu, wakaosha sufuria na kuzifunga kwa kamba. Wavulana wawili walirudishia mlango wa choo uliokuwa umelegea mwaka mzima. Yeye alisimama katikati ya nyumba iliyokuwa inaisha, mikono ikining'inia, hakutoa amri hata moja.

"Nani amewaambia mje?" akauliza.

Nikamtazama machoni. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo nje ya duara. "Hakuna, mwalimu," nikasema. "Tuliona tu."

Lile ghala halipo tena. Shule sasa ni ya mawe, ina madirisha ya vioo na nzi wa kutosha. Watoto wa kule wanainua mikono kama watoto wa mjini, na nafurahi kwa ajili yao, kweli nafurahi. Jikoni kwetu kuna mtungi wa gesi. Mama akitaka mursik anainunua mjini Molo kwa mwanamke asiyemjua, na anasema si mbaya. Wapwa zangu wakitaka kujifunza kusuka au kupika wanafungua simu na kutazama mtu asiyewajua akifanya. Wanatazama kimya, kwa makini, kama tulivyotazama sisi. Ila yule wa kwenye simu hawezi kunyoosha mkono na kuwapa kibuyu.

Nyanya alikufa nikiwa chuoni. Juzi mwanangu aliniuliza alikuwa anaongeaje, nikajaribu kuitafuta sauti yake, nikapata vipande viwili vitatu tu, na kimoja nadhani ni cha mama. Nilishtuka. Halafu nikaketi nikamwonyesha mikono ya nyanya: jinsi alivyoshika ufito, jinsi alivyofunga kamba ya ndama kwa mkono mmoja, jinsi alivyopangusa kiazi kwenye koti. Hiyo ninayo yote, haikupungua hata kidole.